Ameajiriwa Mara Arobaini na Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme, pale barabara ya hospitali inapokutana na uchochoro wa nyumba za kupanga. Mimi ndiye mwenye birika. Kuanzia saa tisa alasiri nipo hapa na jiko langu la mkaa na vikombe kumi na viwili, kimoja hakina mkono. Wenye benchi ni watatu. Breki, dereva wa basi mstaafu, ana jina hilo kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Methali alipanga barua posta miaka thelathini. Anazijua methali zote za lugha hii na hajawahi kuiweka hata moja mahali pake. Na Dada Mashuka anafua hospitalini, mwanamke pekee mwenye sehemu yake kwenye benchi letu. Hutoka kazini saa kumi, hunywa kikombe kimoja, hupumua dakika kumi, kisha huenda nyumbani anakoishi na baba yake.

Siku hiyo alikaa, nikammiminia, na kikombe kikabaki mkononi mwake.

— Dada, kahawa inapoa, nikamwambia.

— Wamekataa.

Hakuna aliyeuliza nani. Ilikuwa wiki ya tatu tunaingoja benki pamoja naye, utadhani benchi zima ndilo lililoomba mkopo. Mwenye nyumba wake, mama mjane, alikuwa anauza ile nyumba ya vyumba viwili ili akaishi na mwanawe. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kuivunja ajenge maduka, lakini kwa utu wake akamwambia Dada Mashuka: nakupa miezi miwili, ukipata mkopo ni yako. Dada alikuwa na akiba ya kutanguliza. Kilichobaki ni benki.

Alitoa barua. Methali akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya posta:

— “Kutokana na aina ya ajira yako, ambayo si ya kudumu, tunasikitika...”

— Mimi najua tatizo, Breki akamkata. Ni ile picha.

— Picha gani? Dada akauliza.

— Uliyobandika kwenye fomu. Ulicheka?

— Sikucheka.

— Si unaona! Mtu anaomba hela amenuna, benki wanasema huyu ana madeni.

— Breki, nikasema, mwezi uliopita ulimkataza mtu asicheke kwenye picha hiyohiyo.

— Yule alikuwa anaomba pikipiki.

Methali akakunja barua vizuri, pindo juu ya pindo.

— Si picha. Hao watu wa mikopo wako ghorofa ya ngapi?

— Ya tatu.

— Ukapanda?

— Sasa ningefanyaje, mzee wangu?

— Ndiyo hapo. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Ulitakiwa ukae pale mlangoni mpaka washuke wenyewe.

Nikacheka. Breki naye akacheka. Dada Mashuka alijaribu, akaishia kushika kikombe kwa mikono yote miwili.

— Yule binti wa mikopo hana neno, akasema. Alinieleza vizuri. Mimi si mtu wa hospitali, ni mtu wa wakala. Wakala ananipa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, ananiweka nje siku moja, halafu ananipa mwingine.

— Siku moja ya nini? Breki akauliza.

— Ili nisije nikadai kuwa wa kudumu.

— Na siku hiyo nani anafua?

— Hakuna. Nikirudi nakuta mlima. Sasa kompyuta ya benki haijui mambo ya wakala. Inasoma tarehe tu. Inaona nimepoteza kazi mara arobaini na tatu. Binti aliponitajia hiyo namba, alinitazama kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Methali akatazama chini, akasema polepole, kama anajisemea:

— Chururu si ndo ndo ndo.

Wote tukamgeukia. Miaka yote niliyomjua, hiyo ilikuwa methali ya kwanza kuangukia mahali pake. Mwenyewe alishtuka. Akanywa kahawa haraka ikamwunguza.

Breki hapendi huzuni ikae sana kwenye benchi. Akapiga paja.

— Basi suluhisho ninalo. Tukuoze.

— Nani amekwambia nataka mume?

— Siyo mume, ni kiambatisho! Tunatafuta mjane mwenye ajira ya kudumu, serikalini ikiwezekana. Unampeleka benki pamoja na picha na kitambulisho. Mkopo ukitoka, mnaachana kwa wema.

— Na akinogewa? Methali akauliza.

— Akinogewa ni faida yake dada. Kama hutaki mume, basi sisi tukuajiri.

— Sisi nani?

— Benchi. Tunasajili kampuni. Mwenye birika ni mkurugenzi, Methali ni mhasibu, mimi usafiri. Dada ni mwajiriwa wa kudumu, kuanzia mwaka juzi. Mhuri najua anayechonga, unaukuta jioni.

— Wahenga walisema, Methali akadakia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake acha ufa, utapata ukuta. Hivyo ndivyo watu wanavyopata nyumba bila benki.

Dada Mashuka aliweka kikombe chini.

— Mzee Breki, miaka kumi na moja nafua damu za watu mpaka zinatoka. Kwenye jina langu siwezi kutia doa kwa mkono wangu mwenyewe. Nakushukuru, lakini hapana.

Breki akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na mhuri wenyewe alikuwa ameupenda zaidi kwa sauti yake kuliko kwa kazi yake.

Niseme hapa kwa nini lazima iwe nyumba ile na si nyingine. Baba yake Dada alikuwa fundi bomba. Macho yalianza kumwacha polepole, na sasa ni mwaka wa nne haoni kitu. Alipopofuka tu, Dada alimpeleka kwa shangazi yake wiki mbili ili apumzike. Mzee akajigonga kila pembe. Choo kilimpotea usiku na mchana, naye akaona haya kuita watu, mpaka siku ya tisa akakutwa amekaa kwenye unyevu wake mwenyewe, analia bila sauti. Dada alimrudisha siku hiyohiyo. Mle ndani mzee anajua kila kitu kwa kiganja: msumari wa taulo, kizingiti kilicholika, swichi inayokwama. Dada akaapa mbele yake kwamba hatamhamisha tena. Alisema kumhamisha ni kumpofusha mara ya pili.

Jua lilikuwa linashuka, na mimi nilikuwa nakaribia kusema lile neno la watu wasio na la kusema, kwamba Mungu yupo, Methali alipouliza:

— Hebu ngoja. Umetolewa mara arobaini na tatu. Umerudishwa mara ngapi?

Dada akahesabu kwa midomo.

— Mkataba huu niliomo sasa ni wa arobaini na nne.

— Mahali palepale?

— Palepale. Mashine ileile, ya tatu kutoka mlangoni.

— Na hiyo mikataba unayo?

— Yote. Nimeitia kwenye foronya.

Breki akasimama wima.

— Lo! Kumbe hakuna mtu katika mji huu aliyeajiriwa mara nyingi kama huyu! Mwajiriwa wa kudumu kaajiriwa mara moja tu, tena huenda walikosea!

Kesho yake alikuja na foronya. Tuliondoa vikombe, nikafuta benchi kwa kitambaa kikavu. Na hapo nikamwona Methali nisiyemjua. Yule mzee wa maneno ya kupindana alikunja mikono ya shati, akaanza kupanga. Vidole vyake vilikuwa vinaruka juu ya karatasi bila kusita: mwaka huku, mwezi huku, iliyochanika ikaungwa kwa gundi, iliyofifia ikaandikiwa tarehe pembeni kwa penseli. Mkataba wa ishirini na sita haukuwepo. Alitugomea kuendelea mpaka foronya ikageuzwa nje ndani, ukapatikana umenasa kwenye mshono.

Breki alipewa kazi ya kusoma tarehe kwa sauti. Alizisoma kama anaita vituo vya basi. Alipofika wa thelathini na moja akakwama.

— Soma basi, Methali akamwambia.

— Miezi hii mke wangu alilazwa, Breki akasema. Wodi ya tano. Wiki saba, mpaka alipofariki.

Akaushika ule mkataba kwa ncha za vidole.

— Alikuwa ananiambia, hapa chakula kibaya, usingizi hakuna, lakini shuka lao likibadilishwa nasahau kidogo. Ananusa kama mtoto. Ananiambia, hebu nusa na wewe. Kumbe ulikuwa wewe, dada?

— Wodi ya tano ni mashine yangu, Dada akasema. Wodi ya nne mpaka ya saba.

— Sikuwahi kumshukuru mtu.

— Hukujua, mzee wangu. Mimi pia sikujua ni mkeo.

Breki akasoma tarehe za mkataba ule, kisha wa thelathini na mbili, mpaka wa mwisho. Kuanzia siku hiyo hakumkatisha Dada Mashuka maneno tena. Sisi wengine bado anatukatisha.

Karatasi zikafungwa kwa uzi, jalada juu. Palikosekana neno la mtu wa hospitalini. Hospitali walisema muulize wakala; wakala akasema sisi tunatoa watu tu, mambo ya tabia waulize hospitali. Dada alizunguka kati yao siku nne. Mwishowe akaenda kwa muuguzi mkuu wa wodi, mama mkali asiyecheka, akamweleza amesimama mlangoni. Yule mama hakumkaribisha kiti. Aliandika palepale, mistari mitatu, akapiga mhuri wa kweli. Methali alitusomea: “Sijui mfuaji huyu ameajiriwa na nani. Ninachojua ni kwamba katika miaka kumi na moja, siku asipokuwepo, kufikia saa sita mchana wodi zangu nne huwa hazina shuka safi. Kwangu mimi huyo ni wa kudumu.”

Binti wa mikopo alipokea lile furushi, akafungua, akafunua moja moja. Dada alitueleza kwamba alifika katikati akafunga mlango wa ofisi yake, akaendelea kusoma.

— Aliniambia hawezi kuahidi kitu, Dada akasema. Lakini atalipeleka mbele ya kamati yeye mwenyewe, asiliache kwa kompyuta.

Zikaanza siku za kungoja. Siku moja mnunuzi wa maduka alikuja uchochoroni na futi ya kupimia, akapima ukuta wa nje huku mzee yuko ndani amekaa, anasikia chuma kikikwaruza tofali. Breki alitaka kwenda kumpima yeye. Tukamshika. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekuja akamwambia yule bwana, miezi miwili haijaisha, kunja futi yako.

Siku nane kabla ya miezi miwili kuisha, Dada Mashuka alikuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Hakukaa. Barua ilikuwa mkononi imefunguliwa.

— Wamekubali!

Breki alinikumbatia mimi na birika. Methali akasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, tukamwitikia wote kama vile tumeelewa. Nilimimina kahawa bure hadi kwa watu wawili waliokuwa wanapita zao.

— Sharti lipo, Dada akasema akihema. Niliomba miaka ishirini, wamenipa kumi na tano. Kwa mwezi itakuwa nzito kidogo. Lakini nitaweza. Nitaongeza zamu za Jumapili.

Ndipo tukasikia mkwaruzo uchochoroni. Kiganja juu ya ukuta. Mzee mrefu mwembamba alikuwa anakuja taratibu, amefunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja umepanda juu ya mwingine, mkono wa kushoto haubanduki ukutani. Sikuwahi kumwona, lakini nilijua ni nani kwa jinsi Dada alivyoruka.

— Baba! Nani kakutoa nje?

— Usinishike, mzee akasema. Acha nifike.

Akafika. Goti lake likagonga benchi, akalipapasa, akalijua, akakaa. Breki akasogea bila kuambiwa.

— Ulijuaje niko hapa? Dada akauliza.

— Kila jioni unarudi unanukia kahawa. Nimefuata pua. Mwenye birika ni nani?

— Ni mimi, mzee wangu. Shikamoo.

— Marahaba. Niwekee kikombe.

Nikamshikisha mkononi. Akapuliza, akanywa.

— Benki wamesemaje?

— Wamekubali, baba. Hatuhami.

— Miaka mingapi?

— Kumi na tano.

— Mimi nina sabini na sita, mzee akasema. Hiyo miaka kumi na tano si yangu.

— Baba, usiseme hivyo.

— Napiga hesabu, mwanangu, siiti kifo. Nitaikaa michache, iliyobaki utaikaa wewe, unailipia, na zamu za Jumapili juu yake. Nimekusikia toka kule kona. Sasa nina swali. Nakuuliza wewe, na hawa wazee wenzangu waliokusaidia nawauliza pia. Huyu binti mwenyewe anaipenda nyumba ile?

Nilimtazama Breki, mtu asiyekosa la kusema. Alikuwa anaitazama ndala yake. Mimi nikapuliza mkaa usiohitaji kupulizwa. Tulizijua tarehe zote za mikataba yake. Tuliujua ukubwa wa vyumba, jina la fomu, ghorofa ya ofisi. Hilo hatukuwahi kumwuliza.

— Nimeitafuta kwa ajili yako, Dada akasema.

— Hilo najua. Sikuuliza hilo.

Akakaa karibu na baba yake.

— Sijui, baba. Natoka kukiwa giza. Nikirudi napika, nafua, nalala. Huwa siiangalii nyumba. Naangalia sakafu tu, kama kuna kitu cha kukukwaza.

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyekwisha gundua bomba linavujia wapi.

— Kule kwa shangazi yako, akasema, nilikuwa na upofu wa siku kumi. Sikuujua. Leo ni mwaka wa nne, tumezoeana. Kazi yangu yote niliifanya chini ya masinki, mahali jicho halifiki. Nikipewa nyumba nyingine nitaisoma kwa mkono mpaka niijue. Itanichukua mwezi, nitajigonga, nitatukana kidogo. Leo nimekuja hapa peke yangu, nimejikwaa mara mbili, na moja ni kosa la hili benchi lenu.

Breki akacheka, akajifuta macho.

— Kwa hiyo usitie sahihi kwa sababu ya macho yangu. Kama unaipenda, inunue. Kama huipendi, mwambie yule mama asante, tutafute ndogo unayoiweza bila Jumapili. Nyumba nitaikosa. Lakini wewe nikikukosa kila Jumapili, nitakaa na nani mle ndani?

Dada alimfungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akavifunga upya palepale mbele yetu, na mzee akamwacha. Kisha wakaondoka. Baba alitangulia, kiganja ukutani, na binti nyuma yake, hakumshika.

Zikapita siku tano. Kila jioni alikuja, alikunywa kikombe chake, alizungumza habari za mvua. Breki alikuwa anapasuka. Nilimkanyaga mguu mara mbili. Siku ya sita alikuja amechelewa, ana wino kwenye kidole.

— Nimetia sahihi, akasema. Lakini si zamu zote za Jumapili. Moja kwa mwezi. Nimekaa na yule binti tumepiga hesabu upya, inatosha kama nitabana kwingine.

— Ehe? Breki akasema, na hakuongeza neno, jambo ambalo lilimgharimu sana.

— Alinigombeza. Akaniambia, dada, umenipandia ngazi hizi miezi miwili, halafu barua ikitoka unapotea siku sita nzima? Nikamwambia nilikuwa naiangalia nyumba. Akashangaa. Akasema, si unaishi humohumo? Nikamwambia ndiyo, mwaka wa tisa huu. Basi akaweka kalamu chini, akaniuliza, na umeionaje?

Nikamsogezea kikombe. Akanywa kwanza.

— Nikamwambia nyuma kuna kibaraza, pale kwenye bomba. Baba ndiye aliyenipeleka. Asubuhi jua linafika pale kabla ya kufika kwa jirani yeyote. Jumapili tulikaa pale, mimi na yeye, mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeniita. Nikamwambia, haya, nipe hiyo kalamu.